Kompyuta ya dada haikuwa mbovu

Najua majani yameshaota hapa mlangoni. Nilikuwa Kilangali. Kwa wale ambao Morogoro yenu inaishia stendi ya Msamvu: Kilangali ni kata ya Wilaya ya Kilosa, nchi ya mpunga, na ndiko liliko shamba la mbegu la Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA). Nilikwenda kumsalimia mama mdogo, na nilikuwa nimeapa kwamba sitamhoji mtu wala kuandika habari yoyote. Nitakula wali na kulala. Siku ya pili tu nikajikuta nimepiga magoti chini ya meza ya kompyuta.

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ana stesheneri. Anatoa kopi, anachapa barua, anapiga picha za pasipoti. Lakini kazi inayomlisha hasa ni fomu za mtandaoni: maombi ya chuo, maombi ya mkopo wa HESLB, maombi ya ajira. Kijana akimaliza kidato cha sita hapo kijijini, njia yake ya kwenda chuo kikuu inapita kwenye ile meza. Meza ikifungwa, inabidi atafute nauli ya kwenda Kilosa mjini au Mikumi, na akifika akute foleni ya watu walioanza safari kama yeye.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, RAM GB 2, diski ya kuzunguka ya GB 160, ilitoka Ulaya ikiwa imeshatumika. (Nasema Ulaya ya wazungu. Watu wa Kilosa tunayo kata yetu inaitwa Ulaya, na huko hazitoki kompyuta.) Ilikuwa inaganda. Ukifungua ukurasa mmoja wa fomu, sawa. Ukifungua wa pili ili upakie cheti cha kuzaliwa, taa ya diski inawaka bila kupumzika, mshale unasimama katikati ya kioo, na mteja anaanza kutazama saa. Dada aliniambia kuna binti aliondoka analia siku ya mwisho ya maombi. Fundi mmoja alikuwa ameshapita, hakufungua hata skrubu, akasema mashine imekufa, atafute laki sita anunue nyingine. Dada alikuwa ameshaanza kuziweka pembeni. Zilikuwa hela za ada ya mwanae.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hii Linux uliniwekea wewe. Sasa niambie mwenyewe, ni mbovu au si mbovu?"

Hapo ndipo ilipo aibu yangu, na ndiyo sababu ya kuandika leo. Kompyuta haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeiharibu, miaka miwili iliyopita, kwa kunakili mstari mmoja kutoka intaneti bila kuuelewa. Mstari wenyewe ni huu: vm.swappiness=10.

Ngoja nieleze taratibu, maana wengi wenu mna mstari huo huo kwenye mashine zenu na mnajivunia, kama nilivyokuwa najivunia mimi.

Kompyuta yoyote ya leo inaziambia programu uongo mzuri. Kila programu inaamini ina kumbukumbu kubwa peke yake. Ukweli ni kwamba RAM ni ile ile moja ndogo, na keneli, yaani kiini cha mfumo kinachogawa RAM, diski na prosesa kwa programu zote, inakata kumbukumbu hiyo vipande vipande vinavyoitwa kurasa (kwenye mashine kama ya dada, ukurasa mmoja ni baiti 4096) na kuzihamisha huku na huku kadiri ya mahitaji. Hii ndiyo kumbukumbu pepe. Si jambo jipya. Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta ya Atlas mwaka 1962 ikiwa tayari inacheza mchezo huo, kwa kuhamisha kurasa kati ya kumbukumbu yake ndogo na ngoma ya sumaku.

Sasa fikiria turubai la kuanikia mpunga. Turubai ni RAM. Ghala, ambalo liko mbali, ni diski. Juu ya turubai kuna vitu vya aina mbili. Kuna mpunga wako uliovuna leo, ambao haupo popote pengine: hizo ni data ambazo programu inazifanyia kazi, kwa mfano fomu iliyojazwa nusu. Ukitaka kuuondoa mpunga huo lazima uufunge kwenye gunia na uupeleke ghalani, kwenye eneo maalumu linaloitwa swapu. Aina ya pili ni vyombo vilivyotoka ghalani asubuhi: ungo, pishi, magunia matupu. Hizo ni kurasa zilizosomwa kutoka kwenye mafaili ya diski. Vyombo hivi, nafasi ikibana, msimamizi anavirudisha tu ghalani, akivihitaji anakwenda kuvichukua tena.

Swappiness ndiyo amri unayompa msimamizi wa turubai kuhusu nini kianze kuondoka. Watu wengi wanadhani ni asilimia, kwamba ukiweka 10 basi swapu itaanza kutumika RAM ikibaki asilimia 10. Si kweli hata kidogo. Ni mizani ya gharama. Kwenye keneli za sasa, tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020, namba inakwenda kutoka 0 hadi 200. Ukiweka 100 unaiambia keneli kwamba kupeleka mpunga ghalani na kurudisha vyombo ghalani ni kazi sawa. Ukishuka chini ya hapo unasema mpunga usiguswe ovyo, viondoke vyombo kwanza. Ya kiwandani ni 60. Mimi niliweka 10, kwa sababu kila ukurasa niliousoma ulisema swapu ni polepole, ikimbie.

Na kweli msimamizi alitii. Mpunga hakuugusa. Akaanza kurudisha vyombo. Lakini kumbuka ungo nao ni chombo! Msimbo wa programu yenyewe, ile sehemu ya kivinjari inayochora ukurasa na kusikiliza kibodi, ni kurasa zilizosomwa kutoka kwenye faili la diski. Kwenye mashine ya GB 2 iliyofungua fomu mbili nzito, vyombo vingine viliisha, ikabaki zamu ya ungo. Msimamizi anaupeleka ungo ghalani, dakika hiyo hiyo anauhitaji kupepeta, anaufuata, anapepeta mara moja, anaurudisha tena. Huku nusu ya turubai imejaa mpunga wa juzi ambao hakuna anayeugusa, vichupo vilivyofunguliwa asubuhi na kusahaulika.

Ghala liko mbali kiasi gani? Kusoma kutoka RAM kunachukua kama nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka, hadi kichwa chake kifike mahali pa kusoma, inachukua kama milisekunde 10. Tofauti ni mara laki moja. Yaani kama kunyoosha mkono kwenye turubai ni sekunde moja, safari ya ghalani ni zaidi ya saa 27. Hapo huhitaji virusi wala uchawi kuelezea kwa nini mshale umesimama.

Nilijuaje? Kwa kupima, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Kuna amri ndogo inaitwa vmstat. Ukiandika vmstat 1 inakuletea mstari mmoja wa namba kila sekunde. Vichwa vya safu zake vinachekesha kwa Mswahili: si, so, bi, bo, na mbele huko wa. Utadhani mtoto wa chekechea anajifunza kusoma. Safu ya si ni kiasi kinachorudi kutoka swapu, so ni kinachokwenda swapu, bi ni kinachosomwa kutoka diski kwa ujumla, wa ni asilimia ya muda ambao prosesa imekaa tu inasubiri diski. Kwenye kompyuta ya dada, si na so zilikuwa karibu na sifuri. Mtu wa haraka angesema swapu haina kosa. Lakini bi ilikuwa haishuki, na wa ilikuwa juu ya 80. Ungo ulikuwa njiani.

Tulichofanya hakikuchukua hata saa moja, na nusu ya muda huo tulisubiri mtandao. Tuliweka zram. Hii ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe, lakini ikiwa imebanwa, kama nguo zilizokunjwa vizuri kwenye begi. Kurasa zisizoguswa zinabanwa na kubaki pale pale kwenye turubai, mara nyingi zikichukua nusu au theluthi ya nafasi zilizokuwa zikichukua. Zram imo ndani ya keneli rasmi tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Tuliipa ukubwa wa nusu ya RAM, tukaacha faili la swapu kwenye diski kama akiba yenye kipaumbele cha chini, na ile swappiness yangu ya 10 nikaifuta kwa mkono wangu na kuandika 150. Ndiyo, mia na hamsini. Ukiwa na zram, kuhamishia swapu hakuna safari ya ghalani, ni kukunja nguo tu, hivyo unataka keneli ihamishe mapema na kwa wingi ili vyombo vibaki karibu. Ushauri wa mtandaoni uligeuka kichwa chini miguu juu.

Tuliongeza jambo moja dogo kwa ajili ya umeme. Keneli haiandiki kitu kwenye diski mara tu programu inaposema imeandika. Inakusanya kwanza. Mpangilio wa vm.dirty_expire_centisecs unakuja ukiwa 3000, yaani sekunde 30, ndipo data iliyokaa RAM ihesabiwe kuwa imezeeka na ipelekwe diski. Kwa seva yenye betri na jenereta, hakuna tatizo. Kwa stesheneri ya kijijini ambako umeme unaondoka bila kuaga, sekunde 30 ni nyingi. Programu nzuri huiomba keneli iandike papo hapo, lakini si zote. Tukaweka 1000. Diski inafanya kazi kidogo zaidi, lakini barua ya mtu haipotei kirahisi.

Sasa hoja yangu, maana najua wengine mmeshaanza kusema huyu ameacha uandishi amekuwa fundi. Hizi namba za kiwandani si sheria ya asili. Ni maoni ya watu, na watu wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2004, toleo la 2.6 likiwa bado jipya, kulikuwa na mabishano makali kati ya watengenezaji wa keneli. Andrew Morton, aliyekuwa anasimamia toleo hilo, alieleza kwamba mashine yake mwenyewe ameiweka 100, wakati wengine walitaka iwe 0 ili programu zao zisiguswe kabisa. Namba 60 imekaa katikati ya mabishano ya watu wenye mashine zao, kazi zao na umeme wao. Dada hakuwapo kwenye mabishano hayo.

Na wala swapu si dawa ya aibu ya maskini iliyobandikwa pembeni. Linux kuwa na swapu kumetokana na maskini. Desemba 1991, Linus Torvalds alikuwa na mtumiaji mmoja nchini Ujerumani mwenye kompyuta ya MB 2 za RAM ambaye alishindwa kuijenga keneli kwa sababu kumbukumbu haikutosha. Torvalds akatumia likizo ya Krismasi kuandika uwezo wa kuhamishia kurasa kwenye diski, ukatoka kwenye toleo la 0.12 Januari 1992. Mtu mmoja mwenye mashine ndogo, akasema tatizo lake, mfumo mzima ukabadilika. Mimi napenda sana kisa hiki. Kinaniudhi pia, kwa sababu sisi wenye mashine ndogo kuliko wote leo ndio tunaonakili namba za wenye mashine kubwa.

Tuliwahi kuanza vizuri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Tukaona kwamba programu huria maana yake unaweza kuifanya izungumze lugha yako. Lakini tulibaki kwenye menyu. Hatukushuka chini kwenye chumba cha mashine kuuliza, je, na hii mizani huku chini imepimwa kwa maisha ya nani? Mafundi wetu wengi, na siwalaumu kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, wanajua mambo matatu: kufomati, kubadilisha kifaa, na kusema nunua nyingine. Kupima hakumo.

Utaniambia RAM siku hizi ni bei poa, ongeza tu. Sawa kabisa, na kama ubao wa mashine yako unakubali, ongeza, usinisikilize mimi. Mipangilio haizai RAM. Kama kazi unayofanya kwa wakati mmoja inahitaji GB 6 na wewe una 2, hakuna namba itakayokuokoa, na zram nayo inakula prosesa kidogo kwa kubana na kubanua. Ila kwa ubao mkuukuu kama wa dada, RAM yake ya kizazi cha zamani ni ya kuwinda dukani hadi dukani, na ukiipata hujui imetoka mashine gani. Halafu kuna watu wanaokuuzia "RAM" ambayo si RAM. Simu zinazotangazwa GB 4+4, ile nne ya pili ni sehemu ya hifadhi ya simu inayotumika kama swapu. Si wizi, mara nyingine inasaidia. Ila iitwe swapu! Mtu anayelipa ajue anapanuliwa turubai au anaonyeshwa njia ya ghalani. Na wewe unayesoma hapa kwa Android ukidhani mambo haya ni ya watu wa Linux wenye ndevu: simu yako nayo ina keneli ya Linux, na kuna uwezekano mkubwa zram inafanya kazi humo wakati huu unasoma.

Jambo hili litazidi kuwa kubwa. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo tuna tatizo la upande wa pili, zinaingia zilizochoka. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi ambazo bado zinatembea. Ofisi za kule zitazitoa, na mnajua wenyewe zinaelekea wapi. Zitakuja mashine za GB 4 na GB 8, nzima kabisa, zikiwa na mipangilio ya mtu mwingine. Ningependa kabla ofisi au shule yoyote haijaandika neno "mbovu" kwenye daftari la mali, fundi alete karatasi yenye mistari 20 ya vmstat, mashine ikiwa kazini. Kama hajui ni nini, basi hajaichunguza.

Kuhusu dada, mashine haijawa ndege. Kivinjari bado kinafunguka kwa kujivuta, na akifungua video na fomu kwa pamoja anaona cha moto. Lakini fomu mbili zinakwenda, na cheti kinapakiwa. Kabla sijaondoka alinilazimisha nimwandikie namba zote kwenye daftari la wadeni, ukurasa wa mwisho, na maelezo ya kila safu ya vmstat kwa Kiswahili. Mama mdogo alipoona akauliza si ndiyo nani na so anamdai kiasi gani.

Juzi amenitumia ujumbe. Yule fundi amerudi, anaulizia kama ile mashine mbovu anaweza kuinunua kwa elfu arobaini, avunje apate vipuri. Dada amemwambia asubiri kwanza amalize fomu ya mteja.